Martini Bila Kuonja

Mtoto wangu alimwita bibi yake "mama" siku ya Jumanne, mbele yangu, kidevu chake bado kimelowa maziwa yangu. Mama mkwe alicheka. Kisha akaniona usoni, akaacha.

"Usinune, mwanangu. Mtoto humwita mama yule anayemwona akiamka. Wewe unakuja saa sita mchana kama mkaguzi."

Ukweli una miiba. Nilikuwa naosha glasi kwenye baa ya hoteli, jioni mpaka alfajiri, na siku yangu moja ya mapumziko nilikwenda darasa la jioni. Baba yake yuko mbali kikazi. Kipusa wetu ana miezi kumi na minne, na sita kati ya hiyo amelala kifuani kwa bibi yake, si kwangu.

"Mtoto si mpira wa kurushwa huku na huku," mama mkwe aliendelea, taratibu, kama anayetoa mwiba. "Ukiikosa hiyo zamu ya mchana unayoisema, mwachishe ziwa, akae kwangu moja kwa moja."

Nikamfuta mtoto kidevu. Bibi yake ndiye anayemwogesha.

Zamu ya mchana ilikuwa ya Fundi, mzee wa kaunta, aliyekuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Meneja alisema atanipa nafasi hiyo nikimchanganyia martini moja iliyonyooka, Jumamosi saa tisa alasiri. Nikishindwa, ataleta mtu kutoka hoteli nyingine.

Fundi alinifundisha kwa wiki tatu, kabla sijaingia kwenye glasi zangu chafu. Martini ni kinywaji cha vitu viwili tu, alisema, ndiyo maana hakina pa kuficha uongo. Jin vipimo sita, vermuti, ile divai yenye mitishamba, kipimo kimoja. Barafu kubwa, kavu, ngumu. Kijiko kirefu kipite ukutani mwa glasi ya kukorogea bila kugonga.

"Usitikise! Ukitikisa, barafu inavunjika, kinywaji kinakuwa na ukungu kama maji ya mchele. Koroga mara hamsini. Hamsini yangu haijawahi kunidanganya."

"Kisha?"

"Kisha unachovya mrija, unaonja."

"Mzee, mimi nanyonyesha. Nilijiapiza, hata tone."

Alinitazama kama fundi cherehani aliyeambiwa mwanafunzi wake anaogopa sindano. "Basi hesabu vizuri, binti. Hesabu hailewi."

Nikahesabu. Nilikoroga maji matupu mpaka kifundo cha mkono kikavimba. Mwalimu wetu wa hisabati alipotuagiza tulete mfano wa asilimia kutoka kazini kwetu, nilipima martini ya Fundi kabla haijaenda kwa mteja. Mililita sabini ziliingia kwenye barafu, zikatoka tisini. Ishirini za ziada ni barafu iliyoyeyuka. Fundi alikasirika. "Unampekua bwana harusi mfukoni!" alisema. Mwalimu alinipa vema.

Jumamosi nilifika mapema, blauzi imepigwa pasi, pamba kifuani ili maziwa yasinivuje mbele ya watu. Mashine ya barafu ilikuwa imekufa asubuhi. Badala yake palikuwa na mifuko miwili ya barafu ya kununua, vipande vidogo kama kokoto, vinaelea kwenye maji yake yenyewe.

"Barafu ni barafu," Fundi alisema, lakini hakunitazama.

Meneja akaketi kwenye stuli, akakunja mikono. Nikatoa glasi baridi kwenye friji, nikapima, nikaanza kukoroga. Moja, mbili, tatu. Nilipofika ishirini vidole vyangu viliona kitu. Kijiko kilikuwa kinateleza kirahisi mno, vipande vinapungua. Nilitaka kuacha. Lakini Fundi alikuwa amesimama pembeni, midomo yake inahesabu pamoja nami, nami nikaona aibu kuikata hamsini yake mbele ya bosi. Nikaenda mpaka mwisho. Nikachuja, nikakamulia juu mafuta ya ganda la limau.

Meneja akanywa kidogo, akaiweka glasi chini.

"Haya ni maji yaliyopitiwa na jin kwa mbali. Uliionja?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nanyonyesha, bosi."

Akapumua. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinitisha zaidi. Mtu mbaya unaweza kumlaumu. "Mama, kaunta haiwezi kushikwa na mtu asiyeonja. Ni kama mpishi asiyeonja chumvi."

Alianza kushuka kwenye stuli. Akilini nikamwona Kipusa akinyoosha mikono, si kwangu.

"Nipe moja tena," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Kosa si ulimi. Nimehesabu hamsini ya barafu nyingine."

Fundi akakohoa. "Hamsini ni hamsini."

"Kwa barafu yako, mzee. Hii ina maji tayari."

Meneja akarudi kuketi.

Nilimwaga maji yote ya mfuko wa barafu, nikachagua vipande vikubwa, nikavikausha kwa kitambaa safi. Nikachukua kikombe cha jikoni chenye mistari ya vipimo, nikakizika kwenye barafu kipoe. Jin, vermuti. Nikakoroga kumi na tano, nikachuja ndani ya kikombe, nikainama macho yawe sawa na mstari.

"Unapima dawa ya kikohozi?" meneja aliuliza.

"Themanini na mbili. Bado." Nikarudisha kwenye barafu. Upande mmoja wa kifua ulishaanza kulowa. Nikakoroga tena, sita. Tisini.

Nikamimina.

Safari hii hakuiweka glasi chini haraka. Alikunywa, akatazama dirishani, akanywa tena.

"Hii inakata," alisema. "Leo na kesho pumzika, anza Jumatatu. Saa nne asubuhi, kumi na mbili jioni unatoka. Mpaka umwachishe mtoto, kuonja nitaonja mimi." Akatabasamu kidogo. "Nitajitolea, ingawa ni kazi ngumu."

Fundi alikuwa amegeuka, anapanga chupa zilizokwisha pangwa. Nilimshukuru. "Mm," alijibu. Nilikuwa nimemvunjia hamsini yake ya miaka mingi mbele ya watu, na sikujua namna ya kuiunga.

Nilikwenda kwa mama mkwe jua lingali juu, nikamweleza mlangoni kabla sijavua viatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akaanza kukunja nguo za mtoto moja moja, polepole, akiinusa kila moja.

Nilipomchukua Kipusa, alijipinda kama samaki. Alilia akimnyooshea bibi yake mikono yote miwili. "Mama! Mama!" Nikambembeleza, nikampa ziwa, akalikataa.

Mama mkwe alisimama na furushi la nguo kifuani. Nilijua angeweza kusema neno moja tu nami ningemrudisha.

"Nipe," alisema.

Nikampa. Kipusa akanyamaza papo hapo, akalaza shavu begani kwake.

"Hajui kitanda chako bado," mama mkwe alisema, akitafuta kandambili kwa mguu. "Leo nitakusindikiza mpaka alale. Kesho nitakusindikiza mpaka mlangoni. Keshokutwa ukitoka kazini utakuja kumchukua mwenyewe, akilia alie."

Tukatoka, yeye mbele na mtoto, mimi nyuma na nguo.