Kikohozi cha Kasonde

Tangu bwana yake Kasonde azikwe, Marceline hakuweza kukaa. Alifagia kiwanja, akageuka, akakifagia tena kuelekea upande wa pili. Akianza kupika anakumbuka kufua, akianza kufua anasimama mlangoni na mapovu mikononi. Katika nyumba ile ya komini iitwayo Kenya, mtaa wa wachimba migodi na si nchi, mwingine aliyemkosa Kasonde sana alikuwa Madame, sungura jike wa miaka saba, na kwa sungura huo ni ubibi kamili. Kasonde ndiye aliyemlea. Baada ya matanga Madame aligeukia ukuta na hakugusa tena majani ya matembele.

"Umutafutie mwenzake," alisema jirani yake Laurentine, anayeuza sungura sokoni. "Huyu anakufwa na huzuni, hapana ugonjwa."

Akamletea dume la miezi mitatu, lenye masikio mengi kuliko akili. Wakamwita Stagiaire, yaani mwanagenzi wa kazi, kwa sababu aligusa kila kitu na hakujua kazi hata moja.

Madame alimng'ata sikio palepale. Marceline akawapeleka bafuni, ambako hakuna kati yao aliyekuwa mwenye nyumba. Madame akamng'oa manyoya ya mgongo. Akawabadilishia vibanda, Madame akakojolea sahani ya mgeni.

"Iko na harufu ya batu ya inje," Laurentine akasema. "Umupanguse na nguo ile Madame anajua."

Nguo za Kasonde zilikuwa zimekwenda. Ndugu zake walizigawana siku ya kumaliza matanga, kama inavyotakiwa: suti, viatu, hata tai. Ovaroli ya kazi tu ndiyo iliyokosa mtu wa kuitaka. Ilikuwa bado imetundikwa nyuma ya mlango, haijafuliwa, imejaa vumbi la mashine ya kusaga mawe, ambako Kasonde alifanya kazi mpaka pumzi zikamwisha. Daktari wa kampuni alisema ni tumbako. Kasonde hakuwahi kushika sigara, hata ya kumshikia mwenzake. Lakini mashine ya hewa ya hospitali ya kampuni, ya kumsaidia mtu kupumua, ilikuwa ya wagonjwa wa vumbi peke yao, na daktari huyo hakuwahi kumpata mgonjwa wa vumbi hata mmoja.

Marceline akachukua mkono wa ovaroli, akampangusa Stagiaire kuanzia pua mpaka mkia. Sungura akapiga chafya, akatikisa kichwa, kisha akakohoa: kifupi, kifupi, halafu kirefu kinachoburuta mguu. Kilikuwa kikohozi cha Kasonde. Mwishoni akasema "pardon", kwa sauti ya marehemu, ambaye alikuwa mtu wa adabu.

Madame akageuka kutoka ukutani. Akaja, akalaza kidevu juu ya mgongo wa kijana, na wawili hao wakala matembele mpaka vijiti.

"Unaona?" Laurentine akasema. "Minakuambia, weye unabisha."

Marceline hakubisha. Ila kikohozi kile alikijua njia yake yote, na kilipofika kwenye damu alimfunga Stagiaire mgongoni kwa kitenge, akapanda taxibus mpaka hospitali ya kampuni. Safari hii mashine wangeitoa. Nani atamwambia sungura kwamba anavuta?

Kwenye benchi la daktari aliwakuta wajane wengine. Mama Chileshe, aliyetoka Kipushi, alikuwa na kuku kwenye kikapu. Mwingine, aliyeitwa Olive, alishika mbuzi.

"Bwana yako alitumikaka wapi?" Chileshe akauliza, akisogea kumpa nafasi.

"Ku mashine ya kusaga mawe."

"Yangu, ku malori." Kuku akakohoa kikohozi kizito cha mwanamume. "Polepole, papa," Chileshe akamwambia, kama alivyozoea kumwambia bwana yake, akimpapasa mabawa.

Mbuzi wa Olive alikuwa anapumua kwa mabega.

Daktari alikuwa mpole. Alipasha kifaa chake moto kwenye kiganja kabla ya kukiweka juu ya kifua cha Stagiaire, akasikiliza huku na huku.

"Tumbako, mama."

"Docteur, huyu ni sungura."

"Njo ile ile, tumbako. Aache kuvuta."

"Na kuku ya Mama Chileshe?"

Daktari akachungulia mlangoni, akapunguza sauti. "Ule? Ule njo anavuta kabisa."

Akampa chupa ya dawa ya kikohozi. Nyuma yake, kwenye chumba cha vioo, mashine ya hewa ilikuwa imefunikwa shuka safi, lililopigwa pasi.

Marceline alipomrudisha Stagiaire kibandani, Madame alimlamba macho, kisha damu iliyokuwa midomoni, bila haraka, kama anayemaliza kuosha vyombo. Barabarani likapita lori la mawe kutoka mgodini na wingu jekundu likashuka juu ya kiwanja. Marceline akalowesha kitenge, akakitandika juu ya kibanda, akazikandamiza pembe zake kwa matofali. Lori la pili likapita. Kitenge kikaanza kukauka. Akakilowesha tena, na kwenye kona lori jingine lilikuwa tayari linapiga honi.