Kisutu cha Bi Radhia Juu ya Jabali

Mwaka sabini na sita, kambi ya wachimba shaba juu ya jabali huko Dima wa Tayyin ungeiona kwa mbali ungedhani pana maulidi, kwa wingi wa bendera. Mambo ya Kolin hayo, mkubwa wao, mzungu wa Australia. Babu wa babu yake alikuwa mchimba dhahabu huko kwao, zama za ile vurumai ya kuikimbilia dhahabu, watu wamejazana mahemani na kila hema lina bendera yake: ya mchinja nyama, ya muuza unga, ya tabibu. Aliyepata dhahabu hupandisha nyekundu, na watu wote mbio kumwendea. Basi na hapa, jikoni ilipepea ya kijani, kwenye dawa nyeupe. Nyekundu ilikunjwa sandukuni, ikingoja siku watakapoigonga shaba.

Mahrous, kijana mmoja wa wachimbaji, aliingoja kuliko wote. Alimtaka Fawziya, binti wa Ami Nadhir, karani wa serikali kijijini chini, na Ami Nadhir alikwisha kuapa mbele ya baraza nzima: "Nikiona nyekundu juu ya jabali, leteni halwa. Ramadhani ikiingia bila kitu, kambi inavunjwa, na mtu asiye na kazi simwozi. Mposaji yupo Nizwa."

Shaaban ikawa inaishia. Mahrous alichimba mpaka viganja vikachubuka, akatoa mawe tu.

Alasiri moja yumo shimoni akasikia ngoma. Akatoa kichwa. Kule chini jamaa zake wanakwenda kwa vigelegele, mjomba wake Marzouq mbele, sinia la halwa kichwani. Akageuka kuutazama mlingoti. Nyekundu inapepea.

"Nani kapata?"

"Kapata nini?" akauliza Bi Radhia, shangazi yake, mpishi wa kambi. "Hiyo leso yangu ya kisutu, nimeifua. Nianike chini wailambe mbuzi? Juzi wamekula kilemba cha mtu, wala hawakucheua."

Mahrous alishuka jabali kama ndoo iliyokatika kamba. Kiatu kimoja kikabaki njiani, hakukirudia. Alipofika kwa Ami Nadhir, Fatiha imekwisha somwa na vidole vya wazee vinang'aa samli.

"Shikamoo, ami," akahema. "Ile si bendera. Ni leso ya shangazi. Shaba hatujapata."

Marzouq akabaki na tonge la halwa mdomoni, hajui ameze au ateme.

"Marahaba," akasema Ami Nadhir, akijifuta vidole taratibu. "Mimi mtoto wa Malindi, Unguja, nimelelewa na dada watupu. Kisutu sikijui? Bendera gani ina pindo?"

"Sasa mbona, ami..."

"Nimeapa nini? Nikiona nyekundu. Nimeiona. Tangu nile kiapo kile, mama yake Fawziya hanipi chai ila ya baridi, na binti mwenyewe hanisemeshi. Natafuta pa kutokea, mara leso ya bibi arusi inapepea juu ya jabali. Miye nani nikatae? Kaa, ule."

"Na kazi je, kambi ikivunjwa?"

"Mtu aliyeshuka jabali lile na kiatu kimoja, mbio, kuja kujivunjia posa yake mwenyewe, kazi hatakosa. Meza, Marzouq, utapaliwa."

Ndani wanawake walikwisha kupasuka kwa kicheko, na mmoja kicheko chake Mahrous alikijua.

Baadaye akaja kusikia ya huko juu. Kolin naye aliiona nyekundu, akiwa upande wa pili wa jabali, akaja mbio na watu wake wote, masururu mabegani, wanapiga kelele kama wendawazimu. Bi Radhia akadhani wana njaa, akawapakulia.