Kimondo cha Ukutani

Mke wa fundi wa kuchomelea alikuwa na kichaa cha kutafuta vimondo, mawe yaliyodondoka kutoka angani. Fundi alimcheka weee, lakini sumaku ya kwenye fimbo yake alimfungia mwenyewe. Ugonjwa ulipomlegeza miguu, fundi akawa anamtangulia uwandani kutupa vinundu vya chuma kilichoungua karakanani, mama watoto asirudi mikono mitupu.

“Baba watoto, mbingu imenikumbuka!” alikuwa akishangilia, na fundi anajikaza.

Baada ya mazishi akabeba fimbo ile, akaenda peke yake. Kule mbali, kwenye ukuta wa mwisho wa uwanda, sumaku ikanasa kitu. Moyo ukamlipuka. Akainama, akakipangusa vumbi.

Chuma chake mwenyewe. Siku moja ya ugonjwa ule alikitupa mbali mno, akidhani mkewe bado angeweza kufika huko.