Panya Ishirini wa Dagane

Watu wa mtaa wa Waberi walimcheka Dagane mpaka wakachoka. Mwanamume mzima, mtoto wa wafugaji, kazi yake kulisha panya! Acha wacheke. Mwaka ule wa 1966, vita vya waasi na serikali vimepamba moto, panya hao ndio waliompa barua ya kukaa mjini yeye na mkewe Amran. Wasio na barua walipakiwa malorini wakafungiwa kijijini nyuma ya seng'enge, na ng'ombe wao wakabaki porini.

Bosi wake, daktari wa mifugo, alikuwa amewapasua panya ishirini na kuwatoa tezi ndogo zinazokaa juu ya figo. Nusu yao Dagane aliwadunga homoni ya kortizoni, nusu akawaacha, ili baadaye ipimwe kama vimeng'enya vya ini huongeza kazi. Ila panya asiye na tezi hizo, mwili wake haushiki chumvi. Anywe maji ya chumvi, la sivyo anakufa. Amran hakuwahi kuambiwa hilo. Nani aongee habari za panya mbele ya chakula?

Daktari akiwa safarini Nairobi, askari wakafanya msako. Wanaume wote walikusanywa uwanjani. Dagane aliwahi kupaza sauti, "Amran, panya! Maji yasikatike!" Kitako cha bunduki kikamkata kauli.

Siku tisa kizuizini! Alimsihi kila askari wa zamu ampelekee mkewe neno moja tu, chumvi.

"Mnapigana na serikali, halafu unalilia panya?"

Alilia kweli, machozi ya mtu mzima, na hakuna aliyejali.

Alipoachiliwa alikimbia mpaka bandani. Panya wote walikuwa wamekufa. Daktari alikuwa amesharudi, na Amran alisimama karibu na debe lake, miguu imechanwa na miiba.

"Baba Hinda, nilionja maji yao, wallahi, chumvi tupu! Nani amnyweshe kiumbe maji kama yale? Nikayamwaga. Kila asubuhi nikateka maji mto Tana, risasi zinalia, maana kumpa maji mnyama ni thawabu. Lakini walizidi kulegea tu. Nilikosea wapi?"

"Jaribio limekwisha," daktari akasema, macho chini. "Na barua yenu askari wameichukua. Lori ni kesho."

Hasira zilimpanda Dagane, zikakosa wa kumshukia.

"Hukukosea," alimwambia mkewe. "Ni joto."

Amran akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Angalau hawakufa na kiu."