Mkwe Dirishani

Sikio la shemasi ndilo lililompeleka Levi Khaemba Kitale. Alikuwa kinyozi Bungoma mjini kwa miaka kumi na tano, mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, wateja wakimsifu kwa vyote viwili. Kisha Jumatatu moja asubuhi wembe ukateleza sikioni, damu ikachuruzika kwenye kola nyeupe, na shemasi, mtu wa subira, akasema tu, "Levi, mkono inatetemeka." Afadhali angemlaani. Wiki iyo hiyo Viola, mkewe, alifungasha nguo za watoto akaenda kwa dada yake Moi's Bridge.

"Mimi sikuachi," alimwambia. "Lakini nimechoka kuishi na wewe na chupa. Ukipata watu wa kukusaidia, nipigie simu. Usipopiga, nitajua."

Sasa ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, naye alikuwa Kitale akitafuta kikundi cha watu walioacha pombe. Bungoma pia palikuwa na kimoja. Lakini usimwage mtama kwenye kuku wengi, wahenga walionya, na nusu ya kuku wa Bungoma walikuwa wateja wake.

Daktari wa zahanati alimwelekeza kwenye ukumbi wa mabati nyuma ya soko. Aibu ikamzidi; kila alipoulizia njia alisema anatafuta mkutano wa wafugaji nyuki. Watu wa Kitale ni wakarimu mno. Mara mbili walimfikisha kwa wafugaji nyuki wenyewe, na mara ya pili akapewa kiti na daftari. Hatimaye mwanamke muuza ndizi, aliyechoka kumwona akizunguka, akamwita.

"Wewe si mtu wa nyuki bana. Unatafuta watu ya Salman, wale waliacha pombe. Si useme tu? Ni ile mlango ya buluu."

Njiani alipita baa mbili bila kutazama ndani. Alijua akigeuka leo hatarudi tena. Akausukuma mlango.

Viti kama kumi vilikuwa vimepangwa duara, birika la chai mezani, na mzee mwenye kofia nyeupe akanyoosha mkono kumkaribisha. Mkabala na mlango, kikombe mkononi, alikaa mama yake Viola.

Levi aliduwaa. Mama Nabwile wa Sirisia! Kwao Wabukusu, mwanamume na mama wa mkewe hawapeani mikono, hawali meza moja wala hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja humpisha mwenzake kwa mbali. Na huyu ndiye aliyemtumia ujumbe kupitia Viola kila Krismasi: mwambie mume wako pombe si maji. Siku nyingine Levi angesema nyani haoni kundule, akacheka mpaka mbavu zimuume. Leo alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimshangaza.

Akarudi kinyumenyume hadi barazani. Ndani, mama naye alikuwa ameshainuka na kujifunika shali usoni, lakini ukumbi ule ulikuwa na mlango mmoja tu, na mkwewe alikuwa amesimama hapo nje.

"Salman, ambia huyo mkwe wangu wa Bungoma asiende," mama alisema akiutazama ukuta. "Mimi ndio nitaenda."

"Mwambie mama akae," Levi akajibu akiitazama barabara. "Mimi nitatafuta pengine."

"Atatafuta wapi? Ataenda kwa baa. Hiyo safari naijua."

Mzee Salman, yule mwenye kofia, alikuwa dereva mstaafu wa lori, aliyekunywa kwa siri miaka ishirini huku majirani wakimwona msikitini kila Ijumaa. Aliwatazama kwa zamu.

"Haiya. Huyu ametoka Bungoma, huyu Sirisia, wote mmekimbia macho ya watu mpaka huku. Sasa mkimbiane tena? Mila yenu inakataza chumba moja. Dirisha pia inakataza?"

Wazee waliotunga mila hiyo hawakuwa wamefikiria dirisha.

Salman akalifungua, akampelekea Levi kiti barazani, na kikombe cha chai kikapitishwa katikati ya nondo. Mama Nabwile akageuza kiti chake, akakaa mgongo ukielekea dirishani. Kisha akaanza.

"Mimi ni Nabwile. Siku hamsini sijaonja. Nilianza wakati mzee wangu alikufa, nikasema ni ya kunipa usingizi tu. Halafu nikakuwa natukana mkwe wangu, ndio watu waangalie yeye, wasiangalie mimi." Akaivuta shali karibu. "Kama ananisikia, anisamehe. Kama hasikii, pia ni sawa."

Levi alisikia. Alilia waziwazi pale barazani, mbele ya wapita njia wote wa Jumamosi, wala hakujifuta. Alikuwa amesafiri kutafuta watu wasiomjua, na sasa alifurahi kwamba hakuwapata.

"Wewe wa nje," Salman akaita kwa upole, "ukitaka."

Akashika nondo kwa mikono miwili. "Mimi ni Levi. Nimekunywa mpaka jana."

"Karibu, Levi," ukumbi mzima ukaitikia.

Wengine waliponyamaza, sauti moja ilibaki nyuma, ikisitasita. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa yake, Levi hakuwahi kulisikia jina lake kinywani mwa mwanamke yule, heshima haikuruhusu.

"Karibu, Levi," alisema Mama Nabwile, bila kugeuka. "Sema yote."