Mpaka Waote Mabawa

Mtafiti alikuwa ameshafunika darubini na kutundika koti la maabara mlango ulipogongwa. Ijumaa, saa kumi na nusu. Likizo yake, ya kwanza baada ya miezi kumi na minne, ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Basi la kwenda kwa mama yake lilikuwa la kesho alfajiri.

Aliyeingia alikuwa mama mmoja asiyemjua, viatu vimejaa vumbi, kwapani furushi la matawi, mkononi chupa ya jemu. Ndani ya chupa, juu ya kitawi cha porini, walitambaa wadudu wanne wekundu, wadogo kama punje za mtama.

"Mwanangu, hii ni ofisi ya nne. Wananipiga danadana tu. Mimi nafuga nyuki. Wenye pamba wanasema kichaka changu kinazaa kangambili, wadudu wanaoharibu pamba yao. Jumatano asubuhi wanakichoma, na nyuki wangu wanakula hapohapo. Nataka barua ya kusema hawa ni wadudu gani."

Mkuu wa maabara, aliyekuwa bado mezani kwake, alisogea akachungulia chupa. "Wekundu, na pamba iko jirani. Andika kangambili ukapumzike. Umesinyaa kama nguo iliyosahauliwa kambani."

Mkono wa mtafiti ulishagusa kalamu. Kisha akakumbuka. Mwaka juzi aliandika hivyohivyo kwa wadudu wachanga kama hawa, na kichaka cha watu kikateketea. Mmoja aliyesahauliwa chupani alipokua, alikuwa mdudu mwingine kabisa, asiyegusa pamba.

"Wakiwa wachanga wanafanana," alisema. "Siandiki jina mpaka waote mabawa. Jumanne jioni nitakupigia."

"Na wakiwa kangambili kweli?"

"Nitakupigia vilevile."

Mama yule alimkabidhi furushi. "Chakula chao hicho. Walee vizuri, ni wajukuu zangu hao."

Jioni alimpigia mama yake kumwambia kesho hasafiri.

"Unabaki kwa ajili ya nani?"

"Wadudu, mama."

"Haya. Wasalimie wakwe zangu."

Kila asubuhi aliwabadilishia kitawi. Jumamosi walikufa wawili, Jumatatu wa tatu. Jumanne saa sita mchana aliyebaki alijivua ngozi yake ya mwisho, akatoka na mabawa, laini, amepauka, bila alama hata moja. Alama huchukua saa kadhaa kukolea, na basi la mwisho la kwenda kwa mama yake kabla ya Jumamosi lilikuwa la saa nane.

Aliitazama saa ya ukutani. Akavuta kiti.

Saa kumi na moja alama zilikuwa zimekolea. Hazikuwa za kangambili. Alizilinganisha na kitabu mara tatu, macho yakimwasha, ndipo akaandika jina, akasaini, akachukua simu.

"Wajukuu zako hawana kosa. Barua nimeshasaini, asubuhi mapema naileta mwenyewe."

Mfuga nyuki alishusha pumzi. "Nilishajua hutapiga."

"Si leo Jumanne?" alisema mtafiti, akalaza kichwa mezani, simu ikiwa bado sikioni.