Taa za Mchana ni za Maiti

Marcellin alikuwa na hasira tangu walipoondoka kijijini Katogota, na hasira yenyewe haikuwa ya mtu aliyefiwa tu, ilikuwa ya mtu aliyedharauliwa. Nyuma ya kamyo, lori lake, alilala mama yake mzazi, Mama Sidonie, amefungwa ndani ya mkeka na kufunikwa kitenge chake cha kanisani, na wanawake wawili wa ukoo wamekaa pembeni kumshikilia asitikisike. Taa za mbele zilikuwa zinawaka. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali la tambarare ya Ruzizi, na hakuna mtu hata mmoja barabarani aliyesimama.

Wakulima waliendelea kulima. Mwanamke aliyejitwisha kikapu alisogea kidogo tu apishe vumbi, basi. Halafu kukatokea bwana mmoja wa baiskeli ambaye, badala ya kushuka na kuvua kofia, alipunga mkono akiomba apandishwe yeye na baiskeli yake. Marcellin alimpita akamtazama kwenye kioo cha pembeni hadi akapotea.

"Umemwona yule?" alimwuliza mkewe, Bernardine, aliyekaa naye mbele.

"Nimemwona, Papa Basile," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Hajui."

"Hajui. Na nani amemfanya asijue?"

Jibu walikuwa nalo wote wawili.

Tusidanganyane. Pale Uvira, tangu watu wa makamo walipokuwa wadogo, dereva aliwasha taa mchana kwa jambo moja tu: amebeba maiti. Hakuhitaji kupiga honi wala kutuma mtu mbele. Ukiona taa mbili zinakuja polepole kwenye mwanga wa jua, ulikuwa unatua mzigo, unavua kofia, unaacha biashara yako. Wanawake wa nyumba ya kwanza wakianza kulia, wa nyumba ya pili wanapokea, na kilio kinakimbia mbele ya gari mpaka kinafika nyumbani kwa marehemu kabla yake. Hata bwana teritware, mtawala wa wilaya wa Kibelgiji, aliyekuwa mkali wa kutisha, alikuwa akiona taa mchana anaweka gari lake kando. Mzungu alielewa. Ikaja dipenda, uhuru wenyewe, ikapita miaka minne, ukaja uasi, na uasi ukamleta Komanda Hyacinthe ambaye hakuelewa.

Huyu Hyacinthe alikuwa mwenyeji. Zamani alikuwa karani wa kugonga mihuri, mtu wa kalamu mbili mfukoni, na hajawahi kushika usukani maishani mwake. Waasi walipouchukua mji alivaa koti la kijeshi, akapewa kusimamia barieri, yaani kizuizi cha barabara, kwenye daraja la Mulongwe, na wiki hiyohiyo akaandika amri kwa ule mwandiko wake mzuri: kila gari litembee limewasha taa mchana kutwa, ili askari walitambue kutoka mbali kwamba ni la rafiki. Gari lisilowaka ni la adui, na litapigwa risasi. Madereva walimwendea kwa heshima, wakamwambia, Komanda, taa za mchana ni za maiti. Yeye akawajibu kwamba hayo ni mambo ya washamba, na mapinduzi hayana nafasi ya mambo ya washamba. Marcellin alikuwepo. Akaenda kuwasha.

Siku ya kwanza ya amri ile ndiyo iliyomwumiza Mama Sidonie. Yeye ndiye aliyekuwa mama wa misiba pale Kimanga. Gari la taa halikuwahi kupita bila yeye kutoka. Siku hiyo alitoka mara tatu. Gari la kwanza lilikuwa na mihogo. La pili lilikuwa na makreti ya bia. La tatu lilibeba makochi ya Hyacinthe mwenyewe, na askari waliokalia yale makochi walimcheka mama mtu mzima aliyekuwa chini kwenye vumbi, kitambaa kimemtoka kichwani, anamlilia mtu asiyekuwepo.

Jioni alimwita mwanawe, akaongea bila kupandisha sauti.

"Marcellin, wale watu wamekula kilio chetu. Siku yangu miye, nani atatoka?"

"Watatoka, Mama."

"Watajuaje?"

"Watajua. Nitahakikisha miye mwenyewe."

Alisema vile kumtuliza tu, kama mtu anavyosema. Wiki mbili hazikuisha, mama akaenda Katogota kumsaidia mdogo wake kuvuna mpunga, homa ikamshika, siku tatu tu, na sasa alikuwa nyuma ya kamyo na taa zinawaka bure. Ahadi ile ilimkaa Marcellin moyoni njia nzima. Kila mtu aliyewapita bila kugeuza shingo aliisukuma ndani zaidi.

Walipoanza kuziona nyumba za Uvira, na ziwa upande wa kushoto, Marcellin alisimamisha kamyo. Hakuzima injini. Alinyoosha mkono kwenye dashibodi, akakisukuma kile kifundo cha taa mpaka ndani.

Bernardine aliona ule mkono. "Unafanya nini?"

"Nimezima."

"Papa Basile, wale watu wanapiga risasi. Hawaulizi."

"Wapige."

"Wapige, halafu? Tutakuwa na maiti mbili na hakuna wa kuendesha. Unataka miye ndiyo niendeshe?"

Siku nyingine angecheka. "Nilimwambia Mama watatoka," alisema. "Leo mchana mzima magari yanawaka. Kama yote yanawaka, basi lisilowaka ndilo litakalotazamwa. Weye shuka kama unaogopa. Sitakukasirikia."

 Bernardine akakaza kitenge kiunoni na kubaki palepale. Naye pia alikasirika, kwa kuambiwa ashuke.

Kamyo iliingia mtaa wa Mulongwe polepole, taa zimekufa. Na hapo watu walitazama. Wanawake wa samaki kando ya barabara waliinua vichwa wote kwa pamoja. Mzee mmoja aliyekuwa mlangoni kwa fundi cherehani aliinua mkono juu akawa anafumba na kufumbua vidole, ile ishara ya kumwambia dereva taa, taa. Mwingine akafanya vilevile, na mwingine, mpaka barabara nzima ikawa mikono inayofumba na kufumbua. Walidhani amesahau. Daraja lilikuwa mbele, barieri ilikuwa juu ya daraja, na hawakutaka kuona dereva wao akiuawa kwa kusahau.

Marcellin hakuwasha. Alizidi kupunguza mwendo.

Mama Félicité, muuza samaki wadogo wa ndagala aliyemjua tangu akiwa tumboni, aliacha meza yake akakimbilia kamyo, akagonga mlango kwa kiganja.

"Marcellin, weye iko na wazimu? Washa taa. Wale pale wanakuona."

"Nimebeba Mama," alisema Marcellin.

"Mama gani?"

"Mama yangu. Sidonie."

Mama Félicité alirudi nyuma hatua mbili, akapanda kwenye tairi la nyuma, akachungulia. Aliona mkeka. Aliona kile kitenge cha kanisani ambacho Kimanga nzima ilikijua. Aliposhuka alikuwa amekwisha kuvua kitambaa cha kichwani, na sauti iliyomtoka ilisikika hadi upande wa pili wa mto.

Hapo ndipo walipotoka. Meza za ndagala ziliachwa na nzi. Fundi cherehani alitoka na futi yake shingoni. Wanaume walivua kofia, baiskeli zikalazwa chini, na wanawake wakatangulia mbele ya kamyo, wakijaza barabara pembe hadi pembe. Kwa mara ya kwanza tangu Katogota Marcellin alihisi macho yanamwuma. Hakulia. Alikuwa bado na jambo la kumaliza na Komanda.

Pale barieri askari wanne walikuwa wamenyanyua bunduki. Wangepiga nini? Mbele ya kamyo kulikuwa na mama zao, na wake wa jirani zao. Déogratias, askari mzee mwenyeji wa tambarare, ndiye aliyeshusha yake kwanza, akavua kofia akaibana kwapani. Wengine watatu wakamtazama yeye, wakashusha.

Hyacinthe alijitokeza katikati, kalamu zake mbili bado zimo mfukoni.

"Taa," alisema.

Marcellin alishuka. Alimkaribia mpaka wakawa kifua kwa kifua, na vilio vikapungua, maana kila mtu alitaka kusikia.

"Niko na maiti, Komanda."

"Amri ni amri. Washa taa."

Marcellin alionyesha mlango wa kamyo uliokuwa wazi. "Injini inanguruma, kiti ni kile. Amri ni yako. Washa weye."

Hyacinthe angeweza kumpiga risasi, na alilifikiria, ilionekana usoni. Lakini watu walikuwa wengi mno, na tayari alikuwa ametoa amri mbele yao. Alipanda. Bernardine alisogea mlangoni upande wa pili, akajishika mikono, asimsaidie kwa lolote. Komanda aliangalia ile dashibodi kwa muda mrefu. Akabonyeza kitu, honi ikalia kwa nguvu, mbele ya maiti, watu wakaguna. Akavuta kingine, fagio za kioo zikaanza kwenda kushoto na kulia kwenye kioo kikavu, zikikwaruza. Akajaribu kuzizuia, hakuweza. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali kwake kama wangecheka.

Aliposhuka jasho lilikuwa linamtoka. Hakumtazama Marcellin.

"Pita," alisema. Halafu, kwa sababu alikuwa komanda na alitaka kubaki komanda, akaongeza: "Kesho alfajiri uko hapa na kamyo. Utabeba watu wangu. Na utawasha."

"Kesho nitawasha," Marcellin alisema. "Kesho sitakuwa na mama wa kubeba."

Wakaondoa gogo la barieri. Kilio kilivuka daraja kabla ya kamyo, kikapokelewa nyumba kwa nyumba mpaka Kimanga, na alipofika alikuta uwanja umejaa na majirani wanamsubiri. Walimshusha Mama Sidonie kwa mikono mingi kuliko iliyohitajika. Saa tisa walikuwa wamekwisha kumzika, na hakukuwa na nafasi ya kukanyaga pale kaburini.

Watu walipokaa kwenye mikeka, Marcellin alirudi kwenye kamyo peke yake. Aliielekeza kwenye mlango wa nyumba ya mama yake, akazima injini, akavuta kifundo. Taa zote mbili zikawaka, kwenye jua, zikiangalia ukuta wa udongo na kigoda ambacho mama alikuwa akikalia kuchambua mchele. Akakaa mle ndani, mikono kwenye usukani. Sasa alilia, na alilia kwa hasira, akipiga usukani kwa ngumi.

Jua lilipokuwa linazama nyuma ya milima, Bernardine alimfuata. Taa zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu, zimefifia.

"Papa Basile, zima. Betri itakufa."

"Iache ife."

"Na kesho alfajiri? Komanda amesema uwe pale na kamyo."

Marcellin alifuta uso kwa mkono wa shati.

"Aje mwenyewe," alisema. "Aje aisukume."

 Bernardine akazunguka mbele, akapanda, akafunga mlango, na wakakaa wote wawili wakizitazama taa mpaka zikazimika zenyewe.